Bawabu na Maji ya Kukandia

Mwanaidi alikuwa anacheka, na hicho kicheko ndicho kilichomtia Somoe hofu.

Alikuwa amelazwa kitanda cha dirishani katika hospitali ya mlimani, kichanga chake ubavuni kimeviringishwa kanga, na alikuwa akimcheka mumewe, Mchopa, ndugu yake Somoe, kwa vile alivyomfunga mtoto nepi mbele nyuma. Lakini pumzi zake zilikuwa fupi fupi, kama za mtu aliyetoka kupandisha mlima na ndoo kichwani. Midomo ilikuwa imepauka. Na ukimuuliza wapi panauma, anakwambia hapaumi.

"Wifi, wamekutoa mjini bure," alimwambia Somoe. "Nilikuwa nanyonyesha, macho yakaingia kiza, nikaanguka. Basi. Mama ndiye aliyejaza watu uani kwa makelele."

Somoe akamwekea kiganja kwenye paji la uso. Ngozi ilikuwa baridi kama mtungi wa kivulini. Akashuka mpaka tumboni, akaminya chini ya kitovu, kwanza kwa upole, kisha kwa nguvu. Mwanamke aliyejifungua juzi juzi ukimminya hivyo, atakushika mkono akutoe. Mwanaidi alitazama tu, kama anayeona tumbo la jirani linaminywa.

"Hapaumi?"

"Hapaumi."

"Hata kidogo?"

"Na wewe wifi. Si ndiyo kazi ya Bawabu wako? Umetuondolea maumivu mwenyewe, sasa umekuja kuyatafuta tena tumboni kwangu."

Mchopa akacheka na mkewe. Muuguzi akapitisha kipimo kiunoni kwa mgonjwa, pale chini ya ngozi Bawabu anapokaa, na taa ikawaka kijani. "Bawabu yuko salama, dokta," akasema, na akaenda zake kitanda kingine kwa moyo mweupe.

Kwenye uwanda ule hapakuwa na mtu mzima asiye na Bawabu. Homa ya kipinda ilipopita miaka ile, iliacha watu hai lakini imewakunja. Vidole vilifunga kama makucha ya kuku aliyechinjwa, magoti yakavimba, wabangua korosho wakashindwa hata kushika kisu. Na ajabu yenyewe ni kwamba mdudu wa homa alikuwa ameshakufa zamani. Waliokuwa wanawatesa watu ni askari wao wenyewe.

Maana ndani ya damu kuna chembe nyeupe, na kazi ya chembe hizo ni ulinzi. Hazikai mahali pamoja. Zinatembea na damu, na zikisikia harufu ya taabu kutoka kwenye nyama, zinabingirika ukutani mwa mshipa, zinapunguza mwendo, zinanata, kisha zinajipenyeza kwenye upenyo mwembamba kuliko zenyewe, zinatokea upande wa pili kupigana. Pale zinapopigana ndipo panapovimba, panapopata moto, panapouma. Huo ni uvimbe wa kheri, unaponya. Lakini baada ya kipinda, chembe zile zilikuwa kama mgambo wasioambiwa kwamba vita imekwisha. Kila siku walishuka kwenye vifundo na kuchoma nyumba zisizo na adui.

Somoe Nandonde, mtoto wa kijiji cha Chilindima kwenye uwanda huo huo, alikwenda kusoma mambo hayo mpaka akapata ule upenyo wenyewe, na jinsi ya kuufunga. Akatengeneza kitu chembamba kama ngozi ya kitunguu, kinachopachikwa kiunoni. Kinalala. Kikisikia joto la uvimbe kinaamka, kinatoa dawa ya kufunga milango ya mishipa, na joto likishuka kinalala tena. Watu wakakiita Bawabu, na wakamsema kama mtu: Bawabu wangu leo mvivu, Bawabu wake mkali. Mtu wa kwanza kupachikwa, wakati wa majaribio, alikuwa mama yake Somoe, Bi Esha. Ile mikono iliponyooka, aliinyanyua juu mbele ya watu akaigeuza geuza kama mwali anayeonyesha hina.

Sasa Somoe alichukua tone la damu ya wifi yake, akalipitisha kwenye kioo cha mfereji, kile chenye kuta zilizooteshwa kama kuta za mshipa wa mtu, akainama kutazama.

Chembe nyeupe zilikuwa nyingi ajabu, zimejaa mfereji mzima. Zilikuwa zinabingirika kama korosho juu ya bati lililoinama. Akaweka harufu ya taabu upande wa pili wa ukuta, harufu ambayo ingezisimamisha hata zikiwa zimechoka. Zikabingirika. Hakuna hata moja iliyonata. Zilipita, zikazunguka, zikapita tena, na mlango ni ule pale.

Kisha akapitisha kipimo cha picha juu ya tumbo la Mwanaidi. Ndani ya kizazi palikuwa pameoza.

Askari walikuwa wamejaa barabarani, na nyumba inaungua, na mwenye nyumba anacheka kwa sababu hasikii moto.

*

Bi Esha alikuwa kwenye jiko la wauguzaji nyuma ya hospitali, amekaa peke yake kwenye benchi, mikono ameifunika ndani ya kanga. Wanawake wengine walikuwa upande wa pili wa moto. Hawakuwa wamemwambia aondoke. Walikuwa wamekaa tu upande wa pili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Anakufa?"

"Bado. Nimemwanzishia dawa, na sasa tunamchuja damu. Mama, mbona hujaingia kumwona?"

"Nikamwone nimfanye nini?" Bi Esha hakunyanyua uso. "Nimemkanda mimi, Somoe. Nilimkanda asubuhi na jioni tangu aliporudi na mtoto. Maji ya moto yenyewe, si hayo ya uvuguvugu ya wasichana wa siku hizi. Kiuno, tumbo, mgongo. Kama nilivyokandwa mimi, na kama nilivyokukanda wewe. Na kila nikimkanda alikuwa anasema, mama, leo ndiyo najisikia mwepesi kabisa. Kumbe namuua."

"Mama."

"Na Zena nilimkanda mimi pia."

Zena alikuwa binti wa Bi Nambuta, jirani yao ukuta kwa ukuta. Alikufa masika yaliyopita, mtoto wake hajatimiza arobaini. Somoe alikuwa mjini, akapata habari, akatuma rambirambi. Alisikia kwamba Zena hakuugua, alilala tu hakuamka, na aliona ni moja ya mambo yanayotokea. Hakuuliza zaidi.

"Nilipopeleka sahani ya wali kwenye hitima," Bi Esha akaendelea, "ilirudishwa na kawa lake juu, haijafunuliwa. Bi Nambuta aliileta mwenyewe mpaka mlangoni. Akaniambia, Esha, mikono yako usiilete tena kwangu. Nikasema ni uchungu wa mwana, utapoa. Sasa na huyu. Hapo hata mimi mwenyewe ningekuwa mwingine ningejikwepa."

Moto ulikuwa unachemsha sufuria la maji ya mtu. Somoe alitazama mvuke ule unavyopanda, na hapo ndipo mambo yalipokaa sawa kichwani mwake, moja juu ya jingine, na kila lilipokaa alitamani lisikae.

Joto ndilo linalomwamsha Bawabu. Bawabu hajui lipi joto la uvimbe na lipi la taulo. Ukimwekea taulo la maji ya moto juu yake, asubuhi na jioni, yeye anadhani mwili mzima unawaka. Anafunga milango yote. Anatoa dawa ya miezi kwa siku chache. Na mwanamke aliyetoka kujifungua ana kidonda kizima ndani, na sasa hakina mlinzi, hakivimbi, hakiumi, hakimpi homa. Anajisikia mwepesi.

Wala hakuweza kusema hakujua.

Kabla Bawabu hajaruhusiwa, aliitwa mbele ya kamati kule mjini. Watu wazima, wasomi, wakarimu tu. Mmoja wao, mzee mwenye sauti ya taratibu, alimuuliza: "Daktari Nandonde, huko kwenu kuna jambo lolote watu wanalifanya, linaloweza kuupasha mgongo moto kupita homa?" Wote wakamgeukia, maana ndiye peke yake aliyetoka uwandani.

Siku hiyo Somoe alikuwa mzazi, hajatimiza arobaini. Bi Esha alikuwa amepanda basi kumfuata mjini, na kila asubuhi walijifungia bafuni, wakaacha bomba linamwagika ili majirani wa ghorofani wasisikie vile mtu anavyoguna akikandwa. Maana kwenye chumba cha chai kule kazini aliwahi kumsikia mwenzake akiwasimulia wengine, kwa kicheko, jinsi wanawake wa kusini wanavyobabuana na maji ya moto kama wanaonyonyoa kuku. Na Somoe alicheka nao.

Kwa hiyo alipoulizwa, mgongo wake ukiwa bado unafukuta kwenye kiti, alisema, "Hakuna."

Neno moja. Kamati ikaendelea na swali lingine.

"Mbona umenyamaza?" Bi Esha alimuuliza.

"Nafikiri, mama."

"Fikiri upesi. Mwanangu Mchopa hana mke mwingine."

Na Somoe akaondoka jikoni bila kumwambia. Alisema moyoni kwamba mgonjwa kwanza. Ilikuwa kweli, mgonjwa alikuwa kwanza, lakini alijua pia kwamba miguu yake imefurahi kupata sababu ya kuondoka.

*

Alimpasua Mwanaidi kiunoni mkato mdogo, akamtoa Bawabu. Alikuwa ameishiwa dawa, amekauka kama jani. Mashine ilikuwa inachuja dawa kutoka kwenye damu, pole pole, maana milango ikifunguka yote kwa mpigo, jeshi lote lile lililojazana lingeingia nyumbani kwa pamoja na kubomoa kila kitu. Hilo halikuwa na haraka. Lilikuwa la kungoja.

Wakati wa kungoja ndipo alipoitwa kwenye kioo cha simu na Profesa Kokushubira, mkuu wa Taasisi ya Viungo, mwanamke mzee aliyemlea kikazi tangu Somoe akiwa anaosha vyupa. Uso wake ulijaa kioo kizima, miwani imepanda utosini.

"Pole, binti yangu. Nimesoma vipimo. Kwa hiyo ni maji ya moto."

"Ni Bawabu, Profesa. Maji yalikuwepo kabla yake."

"Nisikilize kwanza. Kanuni unaijua, tuliitunga wote. Kosa likiwa la kifaa, Mabawabu wote wanazimwa kutoka hapa, siku hiyo hiyo, mpaka apatikane mpya aliyepimwa. Hiyo ni masika mengine kwa uchache. Uwanda mzima unapinda. Wazee ambao vifundo vyao vimeshaliwa mara moja, wakipinda mara ya pili sina hakika kama watanyooka. Mimi mwenyewe nitarudi kwenye kiti cha magurudumu, wala silii hilo. Lakini kosa likiwa la mtumiaji, tunatoa tangazo tu. Mwenye Bawabu asikandwe. Marufuku. Redioni, kliniki, misikitini, makanisani. Wazazi wanapona, viungo vinapona. Niambie nani anaumia hapo."

"Mama yangu."

"Ndiye aliyekanda?"

"Wote wawili. Huyu, na yule aliyekufa."

"Pole sana." Na pole yake ilikuwa ya kweli, ilionekana. "Lakini ni mtu mzima, hakujua. Watu watamsamehe."

"Wamsamehe nini, Profesa? Aliyejua ni mimi. Niliulizwa nikasema hakuna."

"Uliulizwa na watu ambao wangekucheka. Nilikuwepo."

Somoe hakuwa na habari kwamba kuna mtu aliyeona. Alijikuta anatazama chini kama mtoto aliyekutwa na sukari mkononi.

"Umetunyoosha watu wengi kuliko unavyoweza kuwahesabu," Profesa akasema. "Usiwakunje tena kwa ajili ya dhamiri yako. Kaa nalo. Sisi wengine tunakaa na yetu. Kesho kamati itakuuliza swali moja tu, kifaa au mtumiaji. Jibu ukijua unawajibia kina nani."

Kioo kikazima. Somoe alikaa pale pale akishika ukingo wa meza, na lazima isemwe kwamba alishawishika. Alishawishika kwa sababu maneno yale yalikuwa na akili. Aliwaza wabangua korosho wa Chilindima wakiimba na visu vyao. Alimwaza mama yake anavyofunga kilemba kwa mikono miwili. Tangazo moja tu la redio, na hakuna kidole kitakachopinda. Na mama? Mama ana watoto wanaompenda, atavumilia.

Halafu akasikia bomba.

Si bomba la hospitali. Ni lile la bafuni kwake, mjini, linavyomwagika bure huku mlango umekomewa. Akaona sasa litakavyokuwa: tangazo litatoka, na hakuna mama mkwe wala bibi atakayemwacha mzazi wake bila maji ya moto kwa sababu ya redio. Watakanda. Watakomea milango, watafungulia muziki, na binti akienda kliniki akaulizwa umekandwa, atatazama pembeni na kusema hapana. Somoe aliijua hiyo hapana, ilivyo nyepesi kutoka. Aliwahi kuitoa mwenyewe mbele ya watu wakubwa kuliko muuguzi wa kliniki. Zena mwingine atajisikia mwepesi, atalala, na safari hiyo hata chanzo hakitajulikana, maana kila mtu atakuwa ameficha.

Akatoka kwenda jikoni.

*

Bi Esha alimsikiliza mpaka mwisho. Wanawake wa upande wa pili wa moto nao walisikia, maana Somoe hakupunguza sauti.

"Siku hiyo uliyoulizwa," Bi Esha akasema, "asubuhi yake nilikuwa nimekukanda."

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo maji yangu yalikuwa mgongoni mwako."

"Ndiyo."

"Na ukasema hakuna."

Somoe akaitikia kwa kichwa.

"Nilipanda basi usiku na mchana," mama yake akasema, pole pole, kama anayejisimulia mwenyewe. "Nilibeba na beseni langu, nikasema mjini hawatakuwa na beseni la maana. Ukanifungulia bomba. Mimi nikadhani unapenda sauti ya maji."

"Sikukuonea aibu wewe, mama."

"Usinijibu. Sijauliza."

Mwanamke mmoja akainuka akapunguza kuni, na wenzake wakamtazama kama aliyekatiza swala.

"Ukiwaambia hao wakubwa wako," Bi Esha akasema, "hii mikono?"

"Itarudi kupinda. Tutatengeneza Bawabu mwingine asiyedanganywa na maji. Lakini kwa watu wa umri wako, sijui kama itanyooka tena. Huo ndio ukweli."

Bi Esha akaitoa mikono kwenye kanga, akaiweka magotini. Ilikuwa mikono mizuri, mirefu ya vidole, yenye nguvu. Akaitazama.

"Zima," akasema.

"Mama, si lazima ukubali leo. Fikiri."

"Mikono imenyooka na watu wanaikwepa, naifanyia nini? Nimlishe nani? Nimbebe nani?" Akaifunika tena. "Zima. Lakini usinidanganye na redio yako. Bi Nambuta hakuzikia mwanawe redioni. Utakwenda mwenyewe, utaingia kwa mlango, utamwambia."

"Nitakwenda."

"Utakwenda. Ndiyo."

Hapo Mchopa akatokea mlangoni, viatu amevaa kimoja. "Dada," akasema. "Dada, njoo. Amechemka."

Somoe alikimbia kama hajawahi kukimbia tangu shule. Mwanaidi alikuwa amejikunja kitandani, jasho linamtoka, meno yanagongana, uso wote umebadilika. Somoe alipomwekea kiganja kwenye paji la uso, lilimuunguza.

"Wifi, tumbo," Mwanaidi akaguna. "Tumbo linaniua. Nimekukosea nini mimi?"

Somoe akaminya chini ya kitovu, kidogo tu. Mwanaidi akamshika mkono akautupa, na akamtukana tusi ambalo mtu hamtukani wifi yake.

Mchopa akakinyanyua kichanga. "Anakufa?"

"Hapana," Somoe akasema. Akakaa sakafuni palepale, mgongo kwenye kitanda. "Anaumwa. Walinzi wameingia ndani. Mwache aumwe."

*

Kamati ilimuuliza swali moja. Alijibu kwamba ni kosa la kifaa, na kwamba kabla ya kuwa la kifaa lilikuwa lake, akawaeleza lile neno alilowahi kuwapa na kwa nini alilitoa. Yule mzee mwenye sauti ya taratibu alikuwa bado yupo kwenye kamati. Alivua miwani, akaipangusa muda mrefu. Profesa Kokushubira ndiye aliyebonyeza. Wakati Mabawabu wanazimwa hakuna kilichosikika. Watu waliendelea na shughuli zao, na wengine hawakujua mpaka walipoamka na vidole vimekataa.

Mwanaidi aliporuhusiwa kutoka, uwanda ulikuwa umeshaanza kukunjika.

Somoe alikwenda Chilindima kwa miguu kutoka kituoni, ingawa Mchopa alitaka kumpakia pikipiki. Mbele ya ghala la korosho visu vilikuwa vimelazwa kwenye vikapu, na wanawake wamekaa, wanasuguana vidole. Walimwona. Wapo waliomsalimia, wapo walioangalia korosho zao.

Mzee mmoja alimsimamisha njiani, shati wazi kifuani. "Daktari. Wewe si ndiye mwenye Mabawabu?"

"Ndiye mimi, babu. Shikamoo."

"Marahaba. Basi nifunge vifungo. Mke wangu naye hawezi, tumehangaishana tangu alfajiri kama watoto."

Hakuwa anatania, wala hakuwa anatukana. Somoe alimfunga vifungo kimoja kimoja mpaka cha shingoni. Mzee akasema ahsante, akaenda zake, na ile ahsante ilimwelemea Somoe mpaka kwenye mlango wa Bi Nambuta.

"Hodi."

"Nani?"

"Somoe. Wa Bi Esha."

"Pita."

Bi Nambuta alikuwa kwenye mkeka, anamenya muhogo kwa kisu alichokifunga kitambaa kwenye kiganja, maana vidole havikamati. Mtoto wa Zena, kibinti kilichoanza kutembea juzi tu, kilikuwa kinavuta maganda na kuyapanga. Kilikuwa na macho ya mama yake. Somoe hakukalia kigoda alichoona. Alikaa chini, nje ya mkeka.

Alikuwa amejipangia maneno tangu hospitalini, maneno ya chembe na joto na milango. Yote yalimkimbia.

"Mama hakumuua Zena," akasema. "Aliyemuua ni mimi. Bawabu niliyemtengeneza akipigwa na maji ya kukandia anawafungia walinzi njia. Niliulizwa kabla hajatolewa kama huku kuna kukandwa. Nikasema hakuna. Nilikuwa naona haya. Mama alimkanda Zena sawasawa kabisa, kama inavyotakiwa."

Kisu kikasimama kwenye muhogo. Bi Nambuta alikuwa anamtazama, uso hauna kitu, si hasira wala machozi. Kibinti kikampa Somoe ganda. Somoe akalipokea.

Bi Nambuta akanyanyua sauti kuelekea uani. "Baba Zena. Njoo hapa."

Mumewe akaja, anaburuta goti, akasimama mlangoni.

"Sema tena," Bi Nambuta akamwambia Somoe.

Somoe akasema tena. Ilikuwa ngumu zaidi mara ya pili, kwa sababu sasa aliyasikia maneno yake mwenyewe. Mzee yule akashika mwimo wa mlango, akateremka taratibu mpaka akakaa kizingitini.

Akaja dada wa marehemu, ametumiwa mtu wa kumwita. "Sema tena," Bi Nambuta akasema. Somoe akasema. Akaja shemeji, akaja jirani wa nyuma, akaja yule aliyeosha maiti. Chumba kikajaa, joto likapanda, na kila aliyeingia alipokwisha kukaa, Bi Nambuta aligeuza kichwa kidogo upande wa Somoe, naye akaanza upya. Mama hakumuua Zena. Hakuna aliyempigia kelele. Angeshukuru kama wangempigia.

Sauti ilikuwa imeanza kumkauka alipoona watu wa mlangoni wanapisha.

Alikuwa Bi Esha. Alisimama nje ya kizingiti, mikono ndani ya kanga, na hakupiga hodi, kama mtu asiye na hakika kama hodi yake bado inaitikiwa nyumba ile. Kanga ilikuwa imemteleza kidogo mkono mmoja, na kila mtu aliweza kuona vidole vilivyofunga, vimegeuka ndani, vifundo vimevimba na kung'aa.

Bi Nambuta alimtazama muda. Kisha akakifungua kile kitambaa kiganjani kwa meno, akakiweka kisu chini, akakusanya maganda ya muhogo kwa kiwiko akayasogeza pembeni. Akajivuta. Ikapatikana nafasi ya mtu mmoja kwenye mkeka.

Bi Esha akaingia, akakaa. Kibinti kikamwendea moja kwa moja, kikapanda mapajani, kikakishika kile kidole kilichopinda kama kinachoshika kipini. Bi Nambuta aliona, hakukiondoa.

"Sema tena," akamwambia Somoe. "Huyu hajasikia."

"Nimeshasikia," Bi Esha akasema.

"Hujasikia hapa kwangu." Bi Nambuta akavuta upindo wa kanga yake akajifunika mdomo. "Sema, mwanangu."

Somoe akamtazama mama yake, na akaanza.